Garantii Iliyoishia Msibani

Redio yetu ilikuwa ya plastiki nyekundu, yenye mkanda wa kubebea begani, na ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini kuliko zote zilizopangwa kwenye rafu ya yule bwana wa duka pale Kahama. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani tulikuwa watu wa kujidai. Tulikuwa wakulima wa pamba wa Segese, mimi na mume wangu, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, na msimu ule pamba ilikuwa imekubali. Wenzetu walinunua baiskeli. Wengine waliongeza ng'ombe. Mume wangu akasema anataka redio.

Nilishangaa, maana mume wangu hakuwa mtu wa maneno. Angeweza kupalilia na wewe tangu alfajiri mpaka jua la utosi asikwambie kitu zaidi ya "sogea huku" au "lete maji." Tulikuwa tumeshazaa, tumeshajenga, na sikumbuki kama aliwahi kuniambia neno la kunisifu, hata siku moja. Hakuwa mkali, la. Alikuwa mpole kupita kiasi. Akiniona nimechoka ananipokea jembe, anaendelea na mstari wangu, basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake. Nikamuuliza redio ya nini wakati yeye mwenyewe haongei. Akacheka, akasema ndiyo sababu yenyewe: redio itaongea, yeye apumzike.

Tukaenda Kahama wote wawili. Bwana wa duka alikuwa mtu mzima, baba yake Mwarabu wa Tabora, mama yake Msumbwa, anazungumza Kiswahili kilichonyooka na Kisukuma cha kuuzia chumvi. Alitutolea redio kwenye boksi, akatia betri, akazungusha kisahani, sauti ikatoka. Akatusifia mali yake. "Hii, mama, ni redio ya mkulima," aliniambia. "Ngumu kama jembe." Hayo maneno niliyahifadhi, na baadaye nilimrudishia.

Akaandika karatasi ya garantii, akaigonga muhuri, akatusomea kwa sababu sisi kusoma kwetu kulikuwa kwa kubabaisha. Miezi sita. Ikiharibika yenyewe ndani ya miezi hiyo, tuirudishe, atatengeneza au atatupa nyingine. Ikipita, hatujuani. Na tusithubutu kumpa fundi wa mtaani aifungue, kwani ikiguswa skrubu moja tu garantii imekufa. Tukamshukuru. Mume wangu akaikunja ile karatasi akaiweka ndani ya boksi, na njia nzima ya kurudi boksi lilikaa mapajani mwake. Lori lilikuwa linaturusha huku na huku, lakini redio haikugonga mahali.

Hatukumaliza wiki, baba mkwe akafariki.

Sasa hapa lazima nieleze desturi ya ukoo wa mume wangu, maana ndiyo iliyotupatia hasara. Akifa mwenye mji au mwenye nyumba, pale nyumbani ngoma hailii na wimbo hauimbwi mpaka matanga yaanuliwe, na matanga hayaanuliwi mpaka ipikwe pombe ya mtama mpya. Siyo mtama wa kihenge, ule wa akiba ghalani, bali mtama mpya, uliopandwa baada ya yeye kuzikwa. Wazee walikaa wakajadili kama redio nayo ni ngoma. Mmoja akasema redio ni habari tu, haina tofauti na barua. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye sasa ndiye aliyeshika mji, akakata maneno: kinachoimba ni kinachoimba. Mume wangu hakubisha. Aliizungushia kitenge changu ile redio ndani ya boksi lake, akaipandisha darini, juu ya kihenge, betri zikiwa bado tumboni mwake kama bwana wa duka alivyozitia. Nani alijua kwamba betri zinavuja? Hakuna aliyetuambia.

Mvua zikaja. Tukapanda mtama, tukapanda pamba, tukapalilia. Garantii ikawa inakwenda zake huko juu ya kihenge, kimya kimya, na sisi chini tunamlilia mzee. Nilikuwa nikipanda kufuta vumbi kwenye boksi. Mume wangu alikuwa ameanza kukohoa. Jioni akikaa kwenye kigoda chake alikuwa akiinua macho kule darini, halafu anayashusha, kama mtoto aliyeambiwa sukari ni ya wageni. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia shemeji, lakini ukiolewa katika ukoo umeolewa na desturi zake, sikuwa na pa kusemea.

Mtama ukaiva. Pombe ikapikwa, vichwa vikanyolewa, matanga yakaanuliwa. Siku hiyo hiyo redio ikashushwa, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika roho mkononi. Ikalia. Jamani, ilitoa sauti safi mpaka jirani wakaja uani. Mume wangu akaiweka gotini, akaishika kwa mikono miwili, akatabasamu mpaka nikageuka pembeni, maana sikuzoea kumwona hivyo.

Majuma yale machache ndiyo niliyofurahi naye kuliko yote. Alipenda hasa kipindi cha Jumapili, kile cha salamu za wagonjwa. Watu wa redio walikuwa wanazunguka hospitali na mashine yao ya kunasa sauti, mgonjwa anasalimia nyumbani, halafu Jumapili nchi nzima inamsikia. Kila mgonjwa alikuwa na muda wake mfupi. Wengi walianza na babu, wakaja kwa wajomba, wakataja kijiji kizima, mara sauti inakatika na mgonjwa mwingine anaingia. Mimi nilikuwa nikiwacheka. Nilisema, mtu huyu ana mke na watoto nyumbani, si angeanza na hao? Mume wangu akanitazama kama niliyesema jambo la aibu. Akasema mtu hawezi kuanza na mkewe, wazee wanasikiliza.

Kabla mwezi haujaisha akakohoa damu. Shemeji akamchukua wakaenda hospitali kubwa ya Mwanza, wakaambiwa ni kifua na atakaa muda mrefu. Nikabaki na watoto, na shamba, na redio.

Hata redio yenyewe haikunikalia. Ilianza kukaanga, chwaa, kama mafuta yaliyoingia maji. Kisha ikawa inanong'ona. Kisha ikanyamaza. Nilitoa betri nikazianika juani, kama tulivyofanya sote, nikazirudisha; kimya. Nikaona kwenye springi za mle zinapokaa betri kuna unga mweupe unaoelekea rangi ya kijani. Nikaufuta kwa pindo la kanga. Kimya. Jirani mmoja fundi wa baiskeli akasema nimpe afungue nyuma atazame. Nikamkatalia kabisa, kwa sababu ya ile skrubu. Bado nilikuwa naamini ile karatasi.

Ndipo ikanijia habari. Mama mmoja wa Segese, ambaye alikuwa akimuuguza mamaye Mwanza, alirudi nyumbani akaja kunisalimia. Akanieleza kwamba watu wa redio walikuwa wamepita wodini, na mume wangu naye amesalimia. Itatangazwa Jumapili mojawapo, hawakuambiwa ipi. Halafu akanisogelea, akateremsha sauti ingawa hapakuwa na mtu.

"Amesema usikilize mpaka mwisho," akaniambia. "Neno lako liko mwishoni."

Sijui nieleze vipi. Mtu niliyeishi naye miaka yote ile kwa "sogea huku" na "lete maji," leo ana neno langu, na amelisema mbele ya mashine, na mimi sina pa kulisikilizia. Nililia mbele ya yule mama bila haya. Nikaingia ndani nikalitoa boksi, nikaifunua ile karatasi. Muhuri ulikuwa bado unang'aa. Nikajua wazi kwamba miezi sita ilikuwa imepita zamani, nikajifunga kibwebwe hivyo hivyo.

Mtu ataniuliza kwa nini sikwenda kwa jirani. Nilikwenda! Mwalimu mkuu mwenye redio nzuri alikuwa amehamishwa na redio yake. Waliobaki nazo zilikuwa zimekaa tu mezani zimevikwa vitambaa, maana betri zilikuwa zimeadimika, ukiuliza dukani unachekwa. Iliyokuwa inasikika ni ile ya kilabu cha pombe, na Jumapili ile ya kwanza nilisimama pale katikati ya walevi nimetega sikio, nikiwaomba wanyamaze, wao wananikaribisha kata ya pombe. Sikuambulia kitu. Nilirudi nyumbani nikijiuliza kama nimeshampoteza.

Nikapanda basi kwenda Kahama, redio mapajani. Nikamwamkia bwana wa duka kwa adabu zote, nikamweleza. Aliitazama karatasi, akahesabu kwa vidole, akanirudishia. Akasema muda umepita, tena umepita sana. Nikamwambia umepita wapi? Redio hii haijaimba hata majuma mengi. Miezi yako sita niliitumia kumlilia baba mkwe, yenyewe iko juu ya kihenge imefungwa kitenge. Unahesabuje siku za kitu ambacho hakijaanza kazi? Ng'ombe ukimnunua leo ukamwacha zizini, huhesabu kwamba amelima.

Alinisikiliza, hilo simnyimi. Kisha akasema, "Mama, pole sana kwa msiba. Lakini karatasi haijui msiba."

"Wewe unajua," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. Akaniambia kwa upole kwamba akinifungulia mimi atawafungulia wote, na huko Mwanza alikozichukua jumla hakuna anayemrudishia yeye. Nikamkumbusha habari ya jembe. Nikamwambia jembe langu nililokuta kwa mama mkwe linalima mpaka leo, na halikuja na karatasi. Watu waliokuwepo dukani wakacheka, yeye hakucheka, nami nikatoka nimevimba.

Niliporudi Segese nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, naye akanipeleka kwa katibu wa chama. Katibu alikuwa kijana muungwana, akanipa kiti. Akaniuliza kama yule mfanyabiashara alinizidishia bei. Nikasema hapana. Akaniuliza kama alificha bidhaa akaniuzia kwa magendo. Hapana. Basi, akasema, hana kosa. Angenizidishia hata kidogo tungemkamata leo hii. Nikamuuliza, na akiniuzia kitu kikafa? Akakuna kidevu, akasema hilo ni baina yangu na yeye. Siku hizi wajukuu wananiambia mnunuzi ana haki zake, kuna pa kwenda kulalamika na kuna watu wa kumsikiliza. Sawa, nafurahi. Wakati wetu, kwa jinsi tulivyojua sisi watu wa chini, serikali ilitazama bei tu. Kitu kikishavuka kizingiti chako, kikifa ni maiti yako.

Nilikaa siku zilizobaki za juma lile nikichemka. Kitu kimoja ndicho kilichokuwa kinanizungusha: pengine ni Jumapili hii. Na kama siyo hii, ni ile. Nikawaacha watoto kwa mdogo wangu, nikabeba matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, nikaondoka Jumamosi kwa lori la pamba nikalala kwa ndugu pale Kahama. Jumapili asubuhi bwana wa duka alipofungua mlango alinikuta nimekaa kwenye kizingiti, redio mapajani.

Sikumtukana. Nina hasira za karibu, kila mtu anajua, lakini siku hiyo nilikuwa nimezifunga pamoja na kanga yangu. Nilikaa tu. Wanawake wa vijijini waliokuja kununua chumvi na mafuta ya taa waliniamkia, "Mwangaluka, mayu," nami nikaitikia, na kila aliyeniuliza nimebeba nini nilimsimulia. Nilisimulia polepole, kwa sauti ya kufika ndani. Redio ya mkulima. Msiba. Kihenge. Mume aliyeko hospitali. Mmoja aliyekuwa anataka kununua taa ya kandili akaiweka chini akaiangalia upya, akamuuliza bwana wa duka kama na hiyo ina karatasi.

Mchana ulipokaribia uvumilivu ukamwisha. Akatoka nje, akaniambia ninamharibia biashara. Nikamwambia yeye ameniharibia redio. Akasema ataniitia mgambo. Nikamwambia amwite, na mgambo naye nitamsimulia. Tukawa tunajibizana hivyo, yeye amesimama, mimi nimekaa, na watu wamejaa barazani, mara mle ndani kwenye kaunta, ambapo redio yake mwenyewe ililia tangu asubuhi mpaka jioni, nikasikia muziki ule wa kufungulia salamu za wagonjwa.

"Nyamaza," nikamwambia mtu mzima yule, bila hata samahani. Nikanyanyuka nikaingia dukani.

Akanifuata. Nadhani uso wangu ulimtisha. Akaongeza sauti bila kuambiwa. Alianza mgonjwa wa Bukoba, akaja mama wa Musoma aliyekuwa analia zaidi ya kusalimia. Mimi nimeegemea magunia ya sukari matupu, nimeikumbatia redio yangu bubu. Na kisha nikasikia kikohozi. Kabla hajasema jina lake nilikuwa nimeshamjua kwa kile kikohozi.

Sauti ilikuwa imepungua, kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Lakini ilikuwa yake, na hajawahi kuongea maneno mengi hivyo maishani mwake. Alijitaja, akaitaja Segese. Akamsalimia mjomba wake, mkubwa. Akamsalimia na mjomba mdogo. Akamsalimia shangazi aliyemlea, akamwambia asiache kufunga mguu wake kwa dawa. Akawasalimia wakwe zake, yaani baba na mama yangu, kwa heshima zote. Akawasalimia wenzake wa kupima pamba, na balozi, na jirani tuliyegombana naye kwa sababu ya mbuzi aliyekula mahindi. Akasema yale yamekwisha. Alikuwa anakwenda mstari kwa mstari, kama anavyopalilia, hawezi kuruka shina. Mimi moyoni namwambia, harakisha, baba, harakisha. Nilitamani niingize mkono ndani ya redio ya watu nimsukume. Akawasalimia watoto, mmoja mmoja, kwa majina. Akapumua. Dukani hakuna aliyekuwa anatafuna hata njugu.

"Na wa mwisho," akasema, "ni mama wa watoto wangu. Huyu nataka nimwambie kwamba—"

Akaingia kijana wa Sengerema mwenye sauti kubwa, aliyevunjika mguu, akimsalimia babu yake.

Nilingoja. Nilifikiri labda atarudi. Yule kijana akamaliza, akaja mwingine, na mwingine, na muziki ukapigwa, na taarifa ya habari ikaanza. Bwana wa duka alikuwa ameweka kiganja juu ya redio yake muda wote, kana kwamba angeweza kuizuia isiendelee. Akaniuliza polepole, "Ndiye?"

"Ndiye," nikasema.

Akapunguza sauti. Akawatoa watu nje kwa mkono, bila kufoka. Akaichukua redio yangu kutoka kifuani mwangu, na sikuwa na nguvu za kuishikilia, akaiweka kaunta, akatafuta bisibisi kwenye droo, akafungua skrubu moja baada ya nyingine. Hakuita fundi. Maji ya betri yalikuwa yamekula kiwaya kimoja kikakatika. Alikwangua ule unga kwa kisu, akaunga kiwaya kingine, akatia betri mpya kutoka chini ya kaunta, ambako kumbe zilikuwepo. Redio ikalia. Akavuta karatasi mpya ya garantii, akaiandika, akaigonga muhuri. "Hii ianze leo," akasema.

Nikamwambia asante. Nilikuwa nimeshinda. Ile haki niliyoifuata kwa basi na kwa lori, niliyoikalia kizingitini, niliishika mkononi pale, na sikujua niifanyie nini.

Sikurudi Segese. Nilikwenda Isaka nikapanda treni ya Mwanza vile vile nilivyokuwa, na njia nzima nilikuwa napanga namna ya kumuuliza. Nilijiambia haidhuru imekatwa, yeye mwenyewe yupo, atanimalizia. Nilifika wodini saa ya kuona wagonjwa. Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya kitanda, amechoka, ndevu zimemjaa. Na mume wangu alikuwa amekwisha kwa kukonda. Shuka lilikuwa limelala karibu bapa. Jumapili ile, shemeji alinieleza baadaye, homa ilikuwa imempanda hata hakujua ni siku gani, hakujisikia redioni.

Aliifahamu redio kabla ya kunifahamu mimi. Akauliza kama inaimba. Nikamwambia inaimba, na bwana wa duka ametoa garantii mpya. Akafurahi. Akavuta pumzi, akanitazama.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mpaka mwisho?"

Shemeji yuko pale, magoti yake yanagusa kitanda. Nikisema walimkata, huyu mtu atajua kwamba pumzi yake yote aliimalizia kwa wajomba na kwa jirani wa mbuzi. Atajilaumu. Na kurudia mbele ya kaka yake hataweza, namjua. Nikaamua nimpe furaha yake leo, na kesho shemeji akitoka kwenda kutafuta chai, nitamwinamia nimwambie kweli na nimuombe alirudie lile neno.

"Mpaka mwisho," nikasema.

Akafumba macho. Akatabasamu kama siku ile redio iliposhushwa. "Afadhali," akasema. "Kulirudia ningeona haya."

Kesho yake nilipoingia saa ya kuona wagonjwa, kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Tulimrudisha Segese tukamzika karibu na baba yake. Redio ikaingia tena kwenye boksi, ikazungushiwa kitenge kile kile, ikapanda darini juu ya kihenge. Safari hii nilitoa betri. Karatasi mpya nayo ikaisha muda wake huko huko, na mimi nikawa naona mvua inakuja, mtama unaota, sina haraka ya kuvuna.

Lakini salamu nilizifikisha. Kwetu hakuna aliyekuwa amesikia ile Jumapili, redio za majumbani hazikuwa na betri na ile ya kilabu ilimezwa na kelele za walevi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa redio yao. Mjomba mkubwa nilimfuata kwake, na mjomba mdogo. Wazazi wangu niliwapelekea zao. Jirani wa mbuzi nilipomwambia yamekwisha, alikaa chini pale pale kwenye vumbi akalia. Sikusahau hata mmoja, na niliwapa kwa mpangilio ule ule alioutaja yeye.

Mtama ukaiva, pombe ikapikwa. Siku ya kuanua matanga shemeji mwenyewe ndiye aliyepanda darini akaishusha redio, akaniletea nilipokaa na wanawake. Akanieleza kwamba siku ya kurekodi wauguzaji wote walitolewa nje ya wodi, ndiyo maana yeye hakusikia kitu. Wakanigeukia wote, nikajua wanachongoja. Shangazi, yule wa mguu, ndiye aliyeuliza.

"Na wewe, mwanangu? Wewe alikwambia nini?"

"Langu ninalo," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, na wengine wakaona haya kuuliza zaidi. Nikachukua redio, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikaanza kutia betri.